Gari la Kasi na Matairi Yake: Unanunua Kukimbia au Kusimama?

"Ajali haina kinga," husema watu kila wasikiapo habari ya gari lililopinduka. Msemo huu una faraja yake kwa wafiwa, lakini kwa mwenye gari ni msemo wa hatari, maana humfanya aamini kwamba lililotokea lilikuwa limekwisha andikwa. Ukweli ni kwamba ajali nyingi zina kinga, na mojawapo ya kinga hizo iko chini kabisa ya gari, mahali ambapo wengi wetu hatupatazami mpaka siku ya pancha. Kinga hiyo ni tairi.

Makala hii, ndugu msomaji, inawalenga hasa wenye magari yaliyoundwa kwa ajili ya kasi. Tangu magari yaliyotumika ya Japani yaanze kumiminika katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, gari la spoti limeacha kuwa mali ya matajiri peke yao. Toyota Altezza, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, na Subaru Impreza lenye tabo, yameingia mikononi mwa makarani, walimu, mafundi na wafanyabiashara vijana. Gari hilo hilo huwapeleka watoto shule Jumatatu asubuhi, humpeleka mama sokoni Jumamosi, na mwisho wa mwaka huchukua jamaa nzima kwenda kuwasalimu wazee mikoani. Ni gari la nyumbani lenye nguvu zinazokaribia zile za mashindano.

Mapenzi ya magari ya namna hii si jambo la kushangaza katika Afrika ya Mashariki. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na wengi wanakumbuka mwaka 1997, wakati Colin McRae wa Uskoti alipoyashinda kwa gari la Subaru Impreza. Lakini yafaa tukumbuke tofauti moja kubwa. Dereva wa mashindano hubadilishiwa matairi mara nyingi katika safari moja, tena na mafundi waliokaa wakimsubiri. Baba mwenye nyumba huyatumia matairi yale yale miaka mitatu, minne, hata mitano, na wapo wasioyabadilisha mpaka waya zianze kuchungulia.

Basi siku hiyo ya kubadilisha inapofika, mnunuzi huingia dukani akiwa na wazo gani kichwani? Aghalabu huwa na wazo la kukimbia. Huuliza tairi pana, lenye ubavu mwembamba, litakalolifanya gari lionekane limeinama tayari kuruka. Ni mara chache sana kumsikia mtu akiuliza: "Je, tairi hili husimamisha gari vizuri kwenye mvua?" Na hilo ndilo swali la kwanza ambalo mwenye gari la kasi hana budi kuliuliza.

KAZI YA TAIRI

Chukua kiganja cha mkono wako ukitazame. Sehemu ya tairi inayogusa lami kwa wakati mmoja haizidi sana kiganja hicho. Gari zima, pamoja na injini yake, abiria wake na mizigo yake, limeshikamana na dunia kwa viganja vinne tu. Nguvu za injini hupita hapo. Usukani hufanya kazi yake hapo. Na breki nazo hufanya kazi yake hapo hapo. Ukanyagapo breki, vyuma hukamata gurudumu. Breki husimamisha gurudumu. Tairi ndilo lisimamishalo gari.

Hebu tufanye hesabu ya kawaida ya fizikia. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa juu ya lami kavu, likiwa na matairi mazuri, huhitaji kiasi cha mita 12 kusimama tangu breki zishike. Likiwa katika kilomita 100 kwa saa, mtu angedhani litahitaji mita 24. Sivyo. Litahitaji kiasi cha mita 49, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama huzidi mara nne.

Sasa chukua gari lile lile, siku ya mvua, likiwa na matairi yaliyopoteza nusu ya uwezo wake wa kushika barabara. Mita 12 zitakuwa 24, na mita 49 zitakuwa 98, yaani karibu urefu wa uwanja wa mpira kutoka goli hata goli. Wala hapo hatujahesabu muda wa dereva kushtuka na kuupeleka mguu kwenye breki. Sekunde moja tu ya kushtuka, kwa mwendo wa kilomita 100, humaliza mita 28 kabla breki hazijaguswa.

Injini yenye nguvu hulifikisha gari kwenye kilomita 100 kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana tairi baya juu ya gari la kasi lina madhara makubwa kuliko tairi baya juu ya gari zito la pole pole.

MAANDISHI YA UBAVUNI

Kila tairi huja na cheti chake, nacho kimechongwa ubavuni mwake. Asiyejua kukisoma huuziwa chochote. Tuchukue mfano wa tairi linalotumika katika Altezza nyingi za aina ya RS200, lililoandikwa 215/45R17 87W.

Namba 215 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 45 ni kimo cha ubavu kikilinganishwa na upana huo. Yaani ubavu una kimo cha asilimia 45 ya milimita 215, ambayo ni karibu milimita 97. Herufi R yaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, mfumo ambao kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliuandikishia hataza mwaka 1946 na ambao leo umeenea dunia nzima. Namba 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Wengi huishia hapo. Lakini maandishi mawili yanayofuata ndiyo yenye roho za watu. Namba 87 ni namba ya mzigo. Haina maana ya kilo 87. Katika orodha ya kimataifa inasimama badala ya kilo 545 kwa kila tairi. Matairi manne kwa hiyo hubeba kilo 2,180. Altezza tupu lina uzito wa kilo 1,300 na zaidi. Weka watu wazima watano, mafuta tangi zima, mabegi nyuma na gunia moja la mchele wa shangazi, utaona kwamba nafasi inayobaki si kubwa. Ukifunga tairi lenye namba ndogo, mathalan 84, ambalo ni kilo 500, umejinyima kilo 180 za usalama bila kujua.

Herufi ya mwisho ni ya mwendo. Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270 na Y ni 300. Hapo msomaji atauliza kwa haki kabisa: "Sheria yetu hairuhusu kuzidi kilomita 50 kwa saa ndani ya mji. Mimi na 270 tuna uhusiano gani?"

Jibu ni kwamba herufi hiyo hueleza uvumilivu wa joto. Tairi likizunguka hujikunja na kujikunjua kila mara ligusapo chini, na kujikunja huko huzaa joto. Joto likizidi, tabaka za ndani huachana, na tairi hupasuka. Sasa fikiri juu ya lami ya saa nane mchana kati ya Chalinze na Morogoro, gari limejaa watu, na upepo wa matairi umepungua. Tairi lililojengwa kuvumilia joto kali lina akiba; lililojengwa kwa kazi nyepesi halina. Kwa hiyo kanuni ni hii: tazama kibandiko kilichowekwa na mtengenezaji, aghalabu penye nguzo ya mlango wa dereva, ukatafute tairi lisilo chini ya hapo kwa mzigo wala kwa mwendo. Kwenda juu si dhambi, ila usilipie herufi Y kwa ajili ya kujivuna mbele ya majirani.

UPANA SI UWEZO

Kuna imani kwamba tairi likiwa pana zaidi na rimu ikiwa kubwa zaidi, gari huwa bora zaidi. Hapa tuna fundisho kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Mwaka 2012 kampuni ya Toyota ilitoa gari la spoti liitwalo 86. Wahandisi wake, wakiongozwa na Tetsuya Tada, hawakulifungia matairi mapana. Walilipa Michelin Primacy HP ya kipimo cha 215/45R17, tairi la kistaarabu ambalo lilitumika pia kwenye Toyota Prius, gari lisifiwalo kwa kubana mafuta. Walifanya hivyo kwa makusudi, ili dereva aonje tabia ya gari na kufurahia usukani bila kulazimika kwenda mwendo wa hatari.

Wenye magari hayo baadaye waligawanyika. Wapo waliobakiza aina ile ile. Wapo waliohamia kwenye matairi yanayoshika zaidi, kama vile Michelin Pilot Sport au Bridgestone Potenza, lakini wakabaki katika kipimo kile kile, nao wakapata breki fupi zaidi na utulivu zaidi kwenye kona. Na wapo waliokimbilia upana, wakaona usukani umekuwa mzito na mafuta yanaliwa zaidi. Fundisho ni kwamba ubora wa mpira wenyewe hutangulia upana wake.

Kwa barabara zetu iko sababu nyingine. Tairi la 225/40R18 lina ubavu wa milimita 90 tu. Ukilipeleka juu ya shimo la ghafla, hakuna mto wa kulipokea pigo. Rimu hupinda, au nyuzi za ubavuni hukatika na tairi likatoa uvimbe kama jipu. Tairi lenye uvimbe huo halina dawa, nalo laweza kupasuka wakati wowote. Zaidi ya hayo, kipenyo chake chote ni milimita 637, wakati kile cha 215/45R17 ni milimita 625. Tofauti hiyo ya karibu asilimia 2 huifanya spidi ya dashibodi ionyeshe pungufu ya mwendo wa kweli.

Mwenye kuchoshwa na mashimo angefanya vema kufikiri upande wa pili. Tairi la 205/55R16 lina kipenyo cha milimita 632, tofauti ya asilimia 1 tu, na ubavu wake una kimo cha karibu milimita 113. Kama rimu ya inchi 16 inapita juu ya breki za gari lako bila kugusa, na kama namba ya mzigo na herufi ya mwendo zinatosha, utakuwa umepata mto mzuri zaidi, na mara nyingi kwa bei nafuu zaidi. Gari halitaonekana la kutisha kama awali, lakini litakufikisha.

MVUA NDIYO MTIHANI

Juu ya lami kavu hata tairi la hovyo huweza kujifanya tairi. Mtihani wa kweli huja masika, pale barabara inapofunikwa na maji. Mifereji ya tairi kazi yake ni kuyanywa maji hayo na kuyatupa pembeni ili mpira uguse lami. Mifereji ikiwa imelika, maji hukosa pa kwenda. Hujikusanya mbele ya tairi kama kabari, na gari huelea. Dereva hugeuza usukani, gari halijibu. Hukanyaga breki, gari halijibu. Na tairi pana lililolika huelea mapema kuliko jembamba, kwa sababu lina maji mengi zaidi ya kusukuma.

Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha kiasi cha milimita 8. Katika nchi nyingi, Uingereza ikiwamo, sheria inakataza kushuka chini ya milimita 1.6. Ndani ya mifereji utaona vinundu vidogo vya mpira. Vinundu hivyo vikilingana na uso wa tairi, kiwango hicho kimefikiwa. Lakini mwenye gari la kasi asingoje hapo. Kuanzia milimita 3 uwezo wa kushika kwenye maji umekwisha pungua sana, na busara yataka uanze kutafuta matairi mengine.

Utajuaje kama tairi jipya lina uwezo kwenye mvua? Matairi yanayouzwa Ulaya hubandikwa karatasi yenye daraja la kushika barabara iliyolowa. Tangu mwaka 2021 madaraja hayo ni kuanzia A, lililo bora, hadi E. Kwa gari la kasi tafuta A, au B kama mfuko hauruhusu. Matairi yaliyokubaliwa kwa soko la Marekani huchongwa ubavuni neno TRACTION pamoja na herufi AA, A, B au C, ambazo hupimwa kwa breki juu ya sakafu iliyolowa. Hapa pia chagua za juu.

Karibu na hapo utaona neno TREADWEAR na namba. Namba hiyo hueleza tairi litadumu kiasi gani likilinganishwa na tairi la kipimo lenye 100. Ikiwa kubwa, tairi hudumu. Ikiwa ndogo, mara nyingi mpira ni laini, hushika vizuri lakini huisha upesi. Matairi yenye 200 au chini yake yameundwa kwa ajili ya vijana wanaokwenda viwanja vya mashindano. Kwa gari la spoti linalofanya kazi ya nyumbani, tairi lenye namba kati ya 300 na 400, na daraja zuri la mvua, ni mapatano mazuri baina ya usalama na mfuko.

UMRI, NA MATAIRI YA MITUMBA

Mpira huzeeka hata ukikaa tu. Jua, joto na hewa huukausha, ukaanza kupasuka nyufa ndogo ndogo. Kwa bahati nzuri umri wa tairi hauwezi kufichwa na mwenye macho. Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha mwishoni mwa maandishi hayo utaona tarakimu nne. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Ukiona tarakimu tatu tu, basi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na mahali pake ni kwenye bembea ya watoto. Usipoziona tarakimu upande mmoja, angalia ubavu wa pili.

Michelin huwashauri wenye magari wayakaguze matairi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na kuyaacha yafikapo miaka 10 hata kama yaonekana mazima. Wako watengenezaji wa magari wanaotaka yaachwe baada ya miaka 6. Sisi tunaoishi chini ya jua la pwani tungefanya vema kuwa karibu na hao wa pili.

Zamani kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilipokuwa kikifanya kazi, mnunuzi alikuwa na uhakika kidogo wa mahali tairi lilikotoka. Uzalishaji huo ulisimama kabla ya mwaka 2010, na leo soko limejaa matairi ya kila nchi, mapya na ya mitumba. Tairi la mitumba huoshwa, likapakwa dawa nyeusi, likang'aa kuliko jipya. Hakuna anayeweza kukuambia liligonga ukingo wa barabara mara ngapi, au lilisafiri kilomita ngapi bila upepo. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa kinachovunjika si chungu.

Liko pia jambo moja linalowahusu wanaopokea gari moja kwa moja kutoka Japani. Mengine hufika yakiwa na matairi ya theluji. Yatambue kwa neno STUDLESS, au kwa picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji, na mara nyingi kwa herufi ya mwendo Q. Mpira wake ni laini mno, umekusudiwa baridi ya chini ya nyuzi joto 7. Kwenye lami ya Dar es Salaam hulegea, huyumba kwenye kona na hulika haraka. Muuzaji atakuambia kwa furaha kwamba gari limekuja na matairi "bado mapya". Mshukuru, kisha yabadilishe.

MAWILI AU MANNE?

Fedha isipotosha, watu hununua matairi mawili, nayo huyafunga mbele wakidhani huko ndiko kwenye kazi. Mafundi na watengenezaji wa matairi wanashauri kinyume: matairi mapya yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Sababu ni rahisi. Magurudumu ya mbele yakiteleza, gari huelekea mbele, na dereva akipunguza mwendo huweza kulirudisha. Ya nyuma yakiteleza, mkia hupita mbele, gari huzunguka, na dereva wa kawaida hana muda wa kufanya lolote. Kwa gari kama Altezza, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, hatari hiyo huongezeka kila unapokanyaga mafuta kwenye kona iliyolowa.

Kwa mwenye Subaru linaloendeshwa na magurudumu yote manne, suala la mawili halipo kabisa. Subaru hutaka matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja, aina moja na ulikaji mmoja, na mzunguko wake usitofautiane zaidi ya robo ya inchi. Robo hiyo, ukiipigia hesabu, ni tofauti ya milimita 1 tu ya kina cha mifereji. Ukichanganya matairi mapya ya milimita 8 na ya zamani ya milimita 4, mzunguko hutofautiana kwa inchi nzima. Magurudumu yatazunguka kwa mwendo usio sawa, na difu ya katikati itafanya kazi usiku na mchana kufidia tofauti hiyo mpaka iungue. Matairi mawili uliyookoa yatakuwa yamekununulia giaboksi.

Kuchanganya aina mbili tofauti kwenye ekseli moja nako ni kosa katika gari lolote. Upande mmoja hushika, wa pili huteleza, na breki za ghafla hulipeleka gari pembeni.

SIKU YA KUFUNGA

Usimwachie fundi tairi ukaenda kunywa chai. Kaa utazame. Tairi lenye mshale na neno ROTATION sharti lizunguke upande ule mshale unakoelekea. Tairi lenye neno OUTSIDE sharti neno hilo lionekane nje. Dai valvu mpya, dai balansi ya kila gurudumu, na baada ya hapo peleka gari likapimwe alaimenti, maana tairi la gharama juu ya gari lililopinda miguu huisha upande mmoja kabla ya miezi sita.

Upepo ujazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, tairi likiwa baridi. Namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, wala si kipimo cha kila siku. Wala usipunguze upepo katikati ya safari kwa kuona umepanda. Hupanda kwa joto, nao utashuka gari likilala. Nunua kipima upepo chako mwenyewe ukitumie walau mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu. Kisha, kwa kilomita mia chache za mwanzo, endesha kwa upole. Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani, nalo halijafikia uwezo wake.

MFUKO WA FAMILIA

Tunajua kwamba matairi manne mazuri ni fedha nyingi kwa mtu wa mshahara. Kwa hiyo yafaa kujua kipi cha kupunguza na kipi kisichopunguzwa. Unaweza kuacha jina kubwa ukachukua tairi la kampuni ya kati, mradi liwe na daraja zuri la mvua. Unaweza kuacha rimu za kung'aa. Unaweza kuacha tairi la spoti kabisa ukachukua la kawaida la herufi H au V, mradi mtengenezaji wa gari analikubali, nawe ukakubali kwenda pole. Usichoweza kupunguza ni vitu vinne: kipimo sahihi, namba ya mzigo, upya wa tairi, na kulingana kwa matairi yote.

Njia iliyo bora ni kuacha kuyafanya matairi kuwa jambo la dharura. Kama matairi yako hudumu miaka 3, gawanya bei yake kwa miezi 36, na kila mwezi mweke pembeni fungu hilo kama mnavyoweka ada ya shule. Mama na baba wakipanga pamoja, siku ya kubadilisha haitakuta nyumba imekauka, na hakuna atakayelazimika kwenda kutafuta mitumba ya kupakwa rangi.

Leo ni Jumapili, na huenda gari limepumzika uani. Kabla jua halijazama, chukua tochi, iname, uyatazame matairi yote manne pamoja na la akiba. Soma kipimo, soma namba ya mzigo, soma tarakimu nne za umri, pima mifereji, pitisha mkono ubavuni ukitafuta uvimbe. Waite na watoto waone, kwani nao wanalipanda gari hilo. Kazi yote haizidi dakika 15, na ukiimaliza utajua kama gari lako la kasi lina uwezo wa kusimama.